Steringi anakufa, mfalme anabaki: kuitazama upya Hero

Tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atauliwa mwalimu na mchumba, lakini mwisho wa mkanda atasimama yeye na adui atalala. Ndiyo maana siku nilipoiona Hero kwa mara ya kwanza, nimebanwa kwenye benchi katikati ya watu nisiowajua, banda zima lilinyamaza kisha likaanza kunung'unika. Jet Li alikuwa amesimama mbele ya lango la ikulu, mishale inamjia kama nzige. Kamera iliporudi, lango lote lilikuwa limejaa mishale isipokuwa pale katikati, palipobaki umbo tupu la mtu. Mfalme ambaye Jet Li alikuja kumuua alikuwa mzima. Mzee mmoja nyuma yangu akasema tumeibiwa hela zetu.

Sikukubaliana naye, ila sikuwa na la kumjibu. Nimeirudia filamu hiyo mara kadhaa tangu hapo, na malalamiko yake yanastahili jibu la heshima.

Hero ni ya mwaka 2002, imeongozwa na Zhang Yimou. Kisa kimewekwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, China ilipokuwa falme saba zinazochinjana. Jet Li ni afisa mdogo anayejiita Bila Jina. Anafika mbele ya mfalme wa Qin na silaha za wauaji watatu waliokuwa wakimwinda mfalme huyo, na kwa kila muuaji aliyemwangusha anaruhusiwa kusogea karibu zaidi na kiti cha enzi, mpaka zinabaki hatua kumi tu. Kumbe ni mtoto yatima wa ufalme wa Zhao, na ufundi wake wote ni kuua ndani ya hatua kumi. Anafika, upanga uko mkononi, na anamwacha mfalme aishi.

Malalamiko mepesi niyapitie haraka. Wako wasiopenda watu wanaoruka juu ya maji na kukanyaga matawi ya miti. Wanaona waya tu. Lakini huu ni utanzu wa wuxia, yaani hadithi za Kichina za mashujaa wa upanga, na katika hadithi za wuxia wepesi wa mwili ni kipimo cha mafunzo na utulivu wa moyo. Sisi tuliosimuliwa habari za Fumo Liyongo, ambaye hapenywi na silaha ila sindano ya shaba kitovuni, hatuna sababu ya kushangaa. Wako pia wanaosema kisa kinarudiwa mno: mara chekundu, mara buluu, mara cheupe. Hapo nakubali kidogo, kwani sehemu ya katikati inachosha.

Ila kuna pambano ambalo peke yake lilitosha kulipia kiingilio. Nyumba ya kuchezea sataranji, mvua inanyesha, maji yanachuruzika kutoka ukingo wa paa. Mzee kipofu anakung'uta kinanda cha nyuzi. Jet Li na Donnie Yen (anayeigiza mmoja wa wale wauaji watatu), mmoja na upanga na mwingine na mkuki, wamepambana kidogo kisha wamesimama, macho wamefumba, wanapigana ndani ya vichwa vyao. Rangi zinatoweka, kunabaki nyeusi na nyeupe. Kila tone la mvua linaonekana, na upanga unapita katikati ya matone hayo. Uzi wa kinanda unakatika, rangi inarudi, na pambano la kweli linaisha kufumba na kufumbua. Jet Li alikuwa bingwa wa China wa wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, kabla hajawa mwigizaji, na hapa inaonekana: hata akisimama tu, unaona mtu aliyefunzwa kusimama.

Sasa shauri lenyewe. Wengi, ndani na nje ya China, walisema filamu hii inamsafisha dhalimu. Wana hoja nzito. Mfalme yule si wa kutungwa: ni Ying Zheng, aliyeziunganisha falme saba mwaka 221 kabla ya Kristo akajiita Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza. Amekumbukwa kwa vitabu vilivyochomwa kwa amri yake na kwa maelfu ya watu waliosukumwa kujenga kuta na kaburi lake. Jaribio la kumuua nalo lilikuwepo: mwaka 227 kabla ya Kristo, Jing Ke aliingia ikuluni na jambia lililofichwa ndani ya ramani iliyokunjwa, akamkosa, akauawa. Kwa karne nyingi Jing Ke amesimuliwa kama mtu aliyethubutu. Zhang Yimou anatuletea muuaji ambaye sifa yake ni kutothubutu, au tuseme, kuamua asithubutu. Ukitazama hivyo, funzo linalobaki ni kwamba mnyonge afe kimya ili mkubwa apate utulivu wa kutawala. Anayeishi chini ya mkono mzito ana haki ya kukasirika.

Upande wa pili unaanzia kwa Canjian, muuaji aliyeigizwa na Tony Leung. Yeye aliwahi kuingia ikuluni akaweka upanga shingoni mwa mfalme, akauondoa. Alipoulizwa sababu aliandika mchangani maneno mawili: tian xia, yaani chini ya mbingu. Ameona vita vimekula vizazi. Akimuua huyu, falme saba zitaendelea kuchinjana. Huo si woga, kwa sababu uamuzi huo unamgharimu heshima, mpenzi wake Feixue, na mwisho uhai wake. Filamu ilipotoka Marekani mwaka 2004, maneno hayo yalifasiriwa kuwa "nchi yetu", na tafsiri hiyo inabadilisha kesi nzima. "Nchi yetu" ni wimbo wa taifa. "Chini ya mbingu" ni watu wote. Lakini hata hilo halimwokoi mfalme moja kwa moja, maana anayedai kutawala vyote vilivyo chini ya mbingu hajaacha mahali pa kukimbilia.

Kwangu mimi mizani inaegemea kwenye tukio dogo ambalo watu hulipita. Bila Jina anamweleza mfalme kwamba neno "upanga" lina njia kumi na tisa za kuliandika, na Canjian amemwandikia ya ishirini. Mfalme anajibu kwamba huo ni usumbufu. Akishazishinda falme zote ataziondoa njia hizo za kuandika, abakize moja. Anasema bila hasira, kama mtu anayepanga kufagia uwanja.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia hilo na asiguswe. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930 kusimamia kazi hiyo. Leo mtu wa Tanga, wa Kisumu na wa Bukavu tunasoma ukurasa mmoja tukaelewana. Ni faida kubwa, sitaikana. Ndiyo inayoniwezesha kuandika hapa. Lakini Kimvita na Kiamu, vilivyobeba tenzi kwa karne nyingi, vikasukumwa pembeni vikaitwa lahaja. Sisi hatukumwagiwa mishale. Wale wa Zhao walimwagiwa.

Na filamu inalijua hilo. Mapema kabisa, hata kama ni ndani ya simulizi ambalo mfalme baadaye analikataa, mishale ya Qin inalipiga paa la shule ya uandishi ya Zhao. Wanafunzi wanakimbia. Mwalimu mzee anakaa, anashika kalamu, anawaambia mishale inaweza kuangusha mji lakini haiwezi kufuta maandishi yao. Wanarudi mmoja mmoja, wanakaa, wanaandika mchangani huku wanachomwa. Msanii anayetaka kumsafisha dhalimu hawekezi nguvu kiasi hicho kwa waliouawa naye. Kosa la Zhang Yimou, na naliona ni kosa, ni kwamba mwishoni anawasahau: tunaonyeshwa mfalme akihuzunika, tunaonyeshwa mazishi ya shujaa, tunaambiwa falme ziliungana. Yule mwalimu hatajwi tena, wala hatuambiwi ni ipi kati ya njia kumi na tisa ilikuwa ya kwake.