Dodoma: viwanja vinauzwa leo, madarasa yanatafutwa Disemba

Nianze na namba mbili za sensa maana bila hizo huu mjadala unageuka kelele tu. Sensa ya 2012 ilikuta Dodoma mjini watu kama laki 4 na elfu 11, ya 2022 ikakuta laki 7 na elfu 65, yaani ndani ya miaka kumi mji umeongeza watu zaidi ya laki 3 na nusu, na katikati ya hiyo miaka ndo serikali ilitangaza kuhamia (Julai 2016), wizara zikaanza kuja, mji wa serikali ukaanza kujengwa Mtumba na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Barabara na majengo yanaonekana na kila mgeni anayasifia. Ila wazazi wa Nkuhungu, Nzuguni, Ipagala na Mkonze ukikaa nao wanaongelea darasa ambalo mwalimu akitaka kufika kwa mtoto wa nyuma hana pa kupita.

Sasa swali lenyewe liko hivi: jiji liendelee kupima na kuuza viwanja kwa kasi ambayo watu wanataka kujenga halafu shule zifuate zenyewe, au liweke sharti kwamba eneo jipya halifunguliwi mpaka ijulikane watoto watasoma wapi na kwa pesa ya nani? Nimesikia watu wenye akili zao wakitetea pande zote mbili na hakuna upande unaoongea pumba, ndo maana nataka tulichambue taratibu.

Tuanze na wanaotaka sharti. Hoja yao inatoka kwenye mtiririko ambao kila aliyenunua kiwanja Dom anaujua. Eneo linapimwa, mchoro wa mipango miji una barabara, una eneo la wazi, una eneo la shule limeandikwa vizuri kabisa. Viwanja vinauzwa. Watu wanaanza kujenga, mmoja msingi, mwingine kapaua, mwingine kahamia na madirisha yameziba kwa mabati. Lile eneo la shule limebaki pori, mbuzi wanakula pale. Miaka inaenda, watoto wa wale waliohamia wanafika umri wa darasa la kwanza, na shule iliyo karibu ni ile ya zamani ya kijiji, maana Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba vilikuwa vijiji juzi tu na shule zake zilijengwa kwa idadi ya watoto wa kijiji. Kwa hiyo inapokea watoto wa vijiji vitatu vya zamani pamoja na watumishi wote waliojenga pembeni, inakuwa zamu ya asubuhi na zamu ya mchana, alafu ikifika Novemba takwimu za wanafunzi wapya zikishajulikana ndo mbio zinaanza, fosi akaunti (shule inanunua vifaa na kulipa mafundi yenyewe bila mkandarasi), mafundi usiku na mchana, mkuu wa wilaya anakagua, mpaka Disemba rangi bado mbichi.

Na tuwe wa kweli, hizo mbio zimewahi kufanikiwa. Mwaka 2021 ule mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO ulijenga madarasa 15,000 nchi nzima, mwaka uliofuata serikali ikatoa bilioni 160 kwa madarasa 8,000 ya wanaoingia kidato cha kwanza, milioni 20 kila darasa. Kwa hiyo mtu asije akasema nchi haiwezi kujenga. Inaweza sana. Tatizo ni kwamba ule ulikuwa mkupuo, na mji haukui kwa mkupuo, unakua kila wiki.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Chukua mtaa mpya wa viwanja 1,000. Vikijengwa vyote, na kila nyumba ikiwa na mtoto mmoja tu wa shule ya msingi (na sensa inasema kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, kwa hiyo mtoto mmoja sio kuzidisha), una watoto 1,000. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa, kwa hiyo unataka madarasa 23. Kwa ile milioni 20 ya 2022 ni milioni 460. Gawanya kwa viwanja 1,000 unapata laki 4 na elfu 60 kwa kiwanja, hapo bado vyoo, ofisi ya walimu na maji. Kama kiwanja cha mita za mraba 600 kinauzwa tuseme shilingi 8,000 kwa mita, ni milioni 4.8, kwa hiyo gharama ya darasa ni kama sehemu moja ya kumi ya bei. Sio hela ndogo, ila sio hela ya kushindikana. Hapo ndo wanaotaka sharti wanasema: kwani ile pesa ya viwanja inaenda wapi, si itengwe sehemu ya kumi ikajenge kwenye mtaa uleule uliouzwa?

Kuna jambo jingine la kihistoria linalowapa nguvu. Tangu 1973 mpaka Mei 2017 viwanja Dodoma vilikuwa mikononi mwa CDA, mamlaka ya serikali ya kustawisha makao makuu, na shule hazikuwa chini yake. Anayeuza kiwanja alikuwa taasisi moja, anayedaiwa darasa na wazazi ni taasisi nyingine, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumnyooshea mwenzake kidole. Rais Magufuli alipoivunja CDA majukumu yakaenda halmashauri, yaani mapato ya viwanja na orodha ya wanafunzi wa darasa la kwanza vikaingia nyumba moja. Mi naona hii ndo hoja nzito kuliko zote za upande huu na inasahaulika sana. Na ule mpango kabambe wa kwanza wa 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, uliwaza mji ambao mtu anatembea kwa miguu kwenda kwenye huduma zake. Leo mtoto wa miaka saba anavuka barabara ya Dar kwenda shule au anapakiwa kwenye bajaji wakiwa tisa.

Haya, tuje upande wa pili, na hapa nawaomba wazazi wenzangu tusikilize kwa utulivu maana ukweli upo.

Kwanza, ukifunga viwanja watu hawaachi kuja. Mtumishi kahamishwa, fundi kafuata kazi, mama ntilie kafuata wateja, wote wanataka pa kulala. Kiwanja kilichopimwa kikikosekana watanunua kwa mkulima robo eka bila mchoro, na kule ambako hakuna mchoro hakuna hata hilo eneo la shule, ukija kurasimisha baadae unakuta nyumba zimebanana na kupata eneo la shule inabidi ulipe fidia. Mtu anayekumbuka Chang'ombe ya hapa Dodoma ilivyojengeka anajua hili bila kusoma kitabu. Kwa hiyo zuio ambalo lengo lake ni kulinda shule linaweza likazaa mitaa isiyo na pa kujenga shule kabisa.

Pili, viwanja vya Dom vingi vimenunuliwa na watu wasiojenga. Mtu yuko Dar au Mwanza, kakamata viwanja vitatu anasubiri bei ipande. Ukijenga shule ya madarasa 23 kwa sababu viwanja 1,000 vimeuzwa, unaweza kukuta nyumba zenye watu ni 120 na shule ina watoto 90, huku kata ya jirani wanafunzi wamekaa chini. Hiyo pesa imelala.

Tatu, na hii inanisumbua zaidi, darasa linajengwa kwa miezi mitatu ila mwalimu halmashauri haimwajiri. Ajira na mgao wa walimu unatoka serikali kuu. Ruzuku ya uendeshaji nayo, tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, inafuata idadi ya watoto waliopo na sio watakaokuja. Unaweza ukawa na jengo zuri lenye walimu wanne. Halmashauri haiwezi kuahidi peke yake kitu ambacho nusu yake kiko kwa mtu mwingine.

Wenzetu walishajaribu zuio, tusijifanye ni wazo jipya. Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland huko Marekani, wana sheria tangu 1973 kwamba makazi mapya yaende na huduma, shule zikiwemo, na kwa miaka mingi eneo ambalo shule zake zimezidi asilimia 120 ya uwezo lilikuwa linafungiwa vibali vya nyumba mpya. Mwaka 2020 wakaliondoa zuio hilo karibu kaunti nzima, badala yake mjenzi analipa ada ya ziada pale shule zilipojaa. Sababu mojawapo ni kwamba wanafunzi wengi walioongezeka walitoka kwenye nyumba za zamani zilizobadilisha wakazi, wazee wakaondoka zikaingia familia zenye watoto, kwa hiyo kufunga ujenzi mpya hakukuwa kunagusa chanzo chenyewe.

Mazingira yao sio yetu lakini hilo la mwisho linatuhusu sana. Hapa kiwanja kimoja kinaweza kuwa na nyumba ya mwenyewe mbele na vyumba sita vya kupangisha uani, kila chumba kina familia. Kibali kimeandika nyumba ya familia moja, watoto wa shule wako kumi na moja. Hesabu ya viwanja haikuambii hilo, hata hesabu ya vibali haikuambii.

Ndo maana mimi siungi mkono zuio, ila siungi mkono pia huu utaratibu wa kuuza kwanza tutajua mbele. Ninachokiona kinawezekana ni hiki: sehemu ya mapato ya kila mradi wa viwanja ikae kwenye akaunti yake, kwa jina la mtaa ule, isiguswe kwa kitu kingine, na ujenzi uanze kwa awamu kufuatana na nyumba zenye watu na sio viwanja vilivyouzwa. Na nyumba zenye watu zinajulikana, mita za LUKU zinazonunua umeme kila mwezi ziko kwenye mfumo, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, kwa hiyo serikali inajua mtaa gani umeongeza mita ngapi kabla hata ya mwenyekiti wa mtaa. Ukichanganya hiyo na daftari la wakazi la mtaa, pamoja na kliniki za watoto ambazo zinajua nani kazaliwa na nani kahamia na kadi, unamwona mtoto wa darasa la kwanza miaka minne au mitano kabla hajafika getini. Hakuna data mpya ya kutafuta hapo, ni ofisi kupeana taarifa. Boma la madarasa manne mwaka wa pili, mengine mwaka wa nne, alafu ombi la walimu linapelekwa TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia halmashauri) likiwa na namba mkononi na sio kilio cha Januari.

Najua mtu atasema laki 4 na elfu 60 itabebeshwa mnunuzi. Inaweza ikawa hivyo, na kwa mtu wa kipato cha chini inauma, kwa hiyo ada iwe juu kwenye viwanja vikubwa na vya biashara na chini kwenye vile vidogo. Lakini mnunuzi huyuhuyu leo analipa nauli ya bajaji kila siku ya shule, au anajibana anampeleka mtoto shule ya kulipia kwa sababu ya umma imejaa, na hiyo hakuna anayeiandika popote kama gharama ya kiwanja.

Kuhusu eneo la shule kubadilishwa matumizi sitasema mengi, liwekewe mipaka ya zege na hati itoke kwa jina la shule kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, basi.

Kinachonifanya niandike sasa na sio baadae ni Januari 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024 elimu ya msingi imekuwa miaka sita, waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne kwa mtaala wa zamani watamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Wote wanagonga mlango wa sekondari kwa pamoja, na kwa sera mpya elimu ya lazima ni miaka kumi, yaani hakuna kumwacha mtu nyumbani. Kila mkoa utalisikia hili ila mji unaopokea wahamiaji utalisikia mara mbili. Afueni ipo kidogo, shule za msingi zitabaki bila darasa la saba kuanzia 2028, kwa hiyo vyumba vya darasa hilo vitabaki wazi, na pale ambapo msingi na sekondari zimepakana vinaweza kuazimwa. Ila Iyumbu au Nala ambako shule ya msingi yenyewe haitoshi hakuna cha kuazima. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwa hiyo madarasa ya watoto hao lazima yawe yameandikwa kwenye bajeti ya 2026/27 na ile ya 2027/28, kata kwa kata, na madiwani ndo wanaopitisha rasimu ya halmashauri kabla haijaenda juu. Diwani wa kata yako muulize mtaa wako umeandikiwa vyumba vingapi.