Mkate wa Kijani na Hasira za Nana

Mama mkwe wangu Mwairishi, Nana, ni mtu mpole, ila mambo mawili hayasamehe: kuacha swichi ya maji ya moto inawaka, na kuuchezea mkate wa soda. Mwaka mmoja nilimtendea yote mawili kabla ya saa tano asubuhi, tena tarehe 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, sikukuu ya taifa la Ireland.

Ya swichi hayana maneno mengi. Ni ya koili ya umeme iliyo ndani ya tangi la maji, kabatini. Ukioga usiku ukaisahau mpaka asubuhi, bili inakuja kama mahari ya binti wa sultani. Niliisahau, basi.

Ya mkate ndiyo marefu.

Mkate wa soda, soda ya unga na si ya chupa, hauna hamira, haukandwi, wala hausubiriwi uumuke. Ngano ya Ireland ni laini, gluteni yake, ule unato wa unga, haitoshi kuubeba vizuri mkate wa hamira, kwa hiyo soda ilipoingia huku karne ya 19 watu waliipokea kwa mikono miwili. Mkate mmoja unataka gramu 450 za unga wa ngano, nusu mweupe na nusu usiokobolewa, kijiko kimoja cha chai cha soda kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, na mililita 400 hivi za mtindi. Mtindi wa huku ni mwepesi kuliko wetu, lakini mchachu, na uchachu ndio unaotakiwa. Soda ikikutana nao inatoa hewa papo hapo. Ukisema ngoja kwanza nipokee simu, pumzi yote imeishia bakulini.

Nana huchanganya kwa mkono mmoja, vidole kavikakamaza kama kucha za mwewe, anazungusha mara chache tu mpaka unga ushikane. Ukiukanda utautafuna kama ndala. Anaufinyanga duara, unene kama sentimita 4, halafu anaukata msalaba mpaka karibu na chini. Ukimuuliza sababu atakwambia ni kuwafungulia vibwengo mlango watoke. Sababu ya pili, asiyoitaja, ni kwamba moto ufike katikati. Oveni ni digrii 230 kwa dakika 15, kisha unashusha hadi 200 kwa dakika 30 nyingine. Unaugeuza, unaugonga mgongoni: ukilia kama ngoma, umeiva.

Mama yake alikuwa akiuoka kwenye sufuria nzito ya chuma yenye miguu mitatu, wanaiita bastible, juu ya moto wa mboji iliyokaushwa, na makaa mengine wameyapanga juu ya kifuniko. Siku aliponisimulia nilicheka peke yangu. Moto juu, moto chini! Kumbe bibi yangu wa Tanga na mkate wake wa kumimina wangeelewana na yule mama bila mkalimani.

Sasa usiku wa tarehe 16. Nilikuwa naoka mikate miwili kwa mpigo, kwa hiyo kila kipimo ni mara mbili: unga gramu 900, soda vijiko viwili vya chai. Mikono yangu imejaa unga, kadi ya Nana ameishika binti yangu wa miaka minane. Kadi yenyewe imeandikwa kwa penseli na imelishwa siagi miaka na miaka. Kwa Kiingereza kifupisho cha kijiko cha chai na cha kijiko kikubwa cha mezani vimepishana herufi moja tu, na mahali pa herufi hiyo, kwenye mwandiko wa Nana, palikuwa chini ya doa.

"Mama, kijiko kikubwa."

"Una hakika?"

"Ndiyo, kikubwa."

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ambamo magadi hutiwa kwenye maharage kwa jicho, na huyo soda mwenyewe tunamwita magadi soda kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nikatia vijiko vikubwa viwili. Kijiko cha chai ni mililita 5, kikubwa ni 15. Yaani nimetia mara tatu ya kinachotakiwa, na vijiko vyenyewe vilikuwa na vichuguu.

Nikafungua friji. Mtindi nilionao ni mililita 400, na mikate miwili inataka 800. Dawa yake naijua: kila mililita 250 za maziwa ya kawaida unatia kijiko kikubwa kimoja cha siki au maji ya limau, unaacha dakika kumi yakatike. Limau sina. Siki watoto wameimaliza kwenye chipsi. Nikajiambia maziwa ni maziwa, nikamimina mililita 400 za maziwa matamu kabisa. Kwa hiyo soda nimezidisha mara tatu, na asidi ya kuituliza nimeipunguza nusu. Ningekuwa nafanya kusudi nisingeweza kupatia hivyo.

Halafu, kwa kuwa shetani haridhiki na jambo moja, nikaona mfuko wa mbegu za alizeti. Nikatia viganja viwili. Nana ana msimamo kuhusu vitu hivi: ukitia zabibu kavu, kwake huo si mkate tena, ni keki. Nilihesabu kwamba alizeti si zabibu.

Lililonidanganya ni kwamba mikate ilitoka mizuri kupita yote niliyowahi kuoka. Magadi yakizidi, ganda linawahi kuiva na kuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kama mbao ya mninga. Nikaigonga, ikalia ngoma. Nikaifunga kwa kitambaa cha vyombo ganda lisikauke, nikaenda kuoga, nikalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi saa nne nikaweka mkate mezani, siagi, jamu, birika la chai. Nikakata.

Ndani ulikuwa wa manjano. Na kuzunguka kila mbegu ya alizeti palikuwa na duara la kijani. Si kijani cha kubahatisha, ni kijani cha mwani kabisa. Kipande kizima kilionekana kama chui aliyezaliwa baharini.

Mume wangu akachungulia. "Kuvu," akasema.

"Mkate wa jana usiku utaota kuvu saa ngapi?"

Nikaunusa, na hapo ndipo nilipojua. Ulinuka chungu cha maharage cha nyumbani. Soda iliyokosa asidi ikipata moto wa oveni inageuka kuwa kaboneti ya sodiamu, ambayo ni sehemu ya magadi yaleyale yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya. Mbegu za alizeti nazo zina asidi fulani, klorojeniki, ambayo ikikaa na magadi hugeuka kijani, na haifanyi haraka. Inangoja mkate upoe, wewe ulale. Haina madhara. Ila ladha ni ya sabuni ya mche.

Mlango ukafunguliwa. Nana ametoka kanisani, kifungu cha shamroki, vijani vya sehemu tatu ambavyo ni alama ya Waairishi, kimebanwa kifuani kwa pini.

"Nani ameacha swichi ya maji ikiwaka?"

Hakuna aliyejibu. Macho yake yakatua mezani. Akavua glavu moja, akavua ya pili, akakaa.

"Kipenzi," akaniambia taratibu, "umeutia rangi?"

Ili uelewe uzito wa swali hilo, ujue kwamba kupaka vitu rangi ya kijani siku hii, kwa Nana, ni mambo ya Wamarekani. Kule Chicago hata mto wanautia rangi. Yeye huvaa shamroki, huenda misani, huangalia gwaride, huoka mkate wenye rangi ya mkate. Nikajikuta kizimbani na mashtaka ya kuchagua: nikubali rangi niwe msaliti, au nikubali kwamba nimeuharibu niwe mzembe.

Nikachagua uzembe. Nikamweleza kijiko, maziwa, magadi, alizeti, hadi klorojeniki. Aliposikia maziwa matamu alifumba macho kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kisha, kwa adabu zake, akachukua kipande, akapaka siagi, akatafuna, akameza.

"Una ladha yake," akasema.

Mume wangu akanong'ona, "Hajawahi kusema maneno makali kama hayo."

Nikainuka kwenda kuutupa ule mkate wa pili kwenye pipa la kahawia, la mabaki ya chakula. Haupo. Binti hayupo. Kitinda mimba hayupo.

Tuliwakuta kwenye ukumbi wa klabu yao ya mpira, kabla ya gwaride kuanza, nyuma ya meza ya chai ya kuchangia jezi. Wameukata vipande vyembamba, wameupaka siagi na jamu nzito ya kufunika dhambi, na mbele ya sinia wameandika kwa kalamu ya rangi: MKATE WA MTAKATIFU PATRICK. Vimebaki vipande viwili. Jirani mmoja akamshika Nana mkono, akamwambia ana bahati ya mkwe mbunifu.

Nana akatabasamu kwa meno ya mbele tu. "Ndiyo," akasema, "na maji ya moto kwake hayakatiki."

Kesho yake alikuja bila kubisha hodi. Mkononi ana kijiko kimoja cha chai, kidogo, cha zamani, kimefungwa uzi mwekundu mrefu. Akakifunga kwenye mkono wa debe la unga, akavuta mara mbili kuhakikisha fundo limekaza, akaomba chai.