Hundi Kubwa, Mtaro Mpana

Jamani, mtu akikukanyaga mguu halafu akakuletea soksi, utamsifu kwa ukarimu? Maana ndivyo tunavyofanyiwa na makampuni ya barabara. Greda linakula ua, kijiko kinachimba mtaro mbele ya mlango, vumbi linaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo. Kisha Jumamosi moja wanashuka na fulana, kofia, spika mbili na hundi ya karatasi ngumu yenye ukubwa wa godoro. Eti wanarudisha kwa jamii. Sawa, lakini kilichochukuliwa kwa jamii ni njia ya kuingia nyumbani. Si mngeanza na hiyo?

Mkataba wa barabara una orodha ya kazi na bei zake, nene kama tofali. Humo mara nyingi utakuta kumwagia maji njia ya mchepuko kuna mstari wake. Alama za tahadhari nazo zina mstari wake, na kusawazisha mashimo ya kifusi, yaani yanakochimbwa udongo wa kujengea barabara, vilevile. Hata ile semina ya Ukimwi inayopigwa picha kuliko bibi harusi: masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yaliyoandaliwa kwa miradi ya mikopo ya benki za maendeleo yanamtaka mkandarasi aifanye, kwa wafanyakazi wake na kwa wanaoishi jirani na kazi. Sasa mtu analipwa kufanya kazi, anaifanya nusu, halafu hiyo nusu anaitangaza kama sadaka. Ni muuza duka anayekurudishia chenji yako huku akitabasamu mbele ya kamera.

Tena kuna mwongozo wa kimataifa wa wajibu wa kampuni kwa jamii, ISO 26000, wa mwaka 2010. Unaanza na madhara ya shughuli zako mwenyewe kwa watu na mazingira; zawadi si mahali pa kuanzia. Na kwa kuwa ni mwongozo tu, hauna cheti. Ukiona bango limeandikwa kampuni "imethibitishwa kwa ISO 26000", cheka bila kujizuia.

Tuje kwenye vumbi, maana vumbi ndilo tunalolala nalo. Hesabu yake haihitaji mhandisi. Chukua mchepuko wenye upana wa mita 6. Ukimwaga lita 1 kwa kila mita ya mraba, boza la lita 10,000 linakwisha baada ya kilomita moja na nusu na ushee. Mchepuko ukiwa na kilomita 5, hizo ni boza tatu kwa kupita mara moja tu. Jua likiwaka na matipa yakipita, baada ya saa moja au mbili pamekauka. Kwa hiyo ukisikia kampuni ina boza moja na "tunamwagilia asubuhi na jioni", jua kwamba wanaomwagiliwa ni watu wachache wenye bahati karibu na kambi. Halafu bomba la kunyunyizia kule nyuma lina matundu madogo, na matundu yamezibwa na tope kwa sababu hakuna anayelizibua. Maji yanamwagika katikati tu, mstari mmoja kama mkia. Pembeni vumbi, katikati utelezi, na mwenye pikipiki achague anataka kuanguka kwa namna gani.

Na maji yenyewe yanatoka wapi? Kwenye kijito chetu. Boza moja ni ndoo 500 za lita 20. Linashusha mpira, linavuta, linaondoka. Baada ya mwezi kijito kimebaki matope, na kampuni ileile inatangaza kwamba imeguswa sana na shida ya maji, itachimba kisima.

Kisima ndicho mtoto kipenzi wa kitengo cha jamii. Kina picha nzuri: mtoto, bomba, maji yanaruka. Ila wanachimba lini? Masika, wakati hata ukichimba kwa kijiko cha chai maji yanapanda. Kiangazi kikiingia, maji yanashuka chini ya pampu na mpini unanyonya hewa. Kisima cha kueleweka hupimwa kwanza: unavuta maji kwa saa nyingi mfululizo, unaandika yameshuka kiasi gani na yanarudi kwa kasi gani, ndipo unajua pampu ikae kina gani. Pampu ya mkono huhesabiwa kuhudumia watu 250 mpaka 300. Ukiwapa elfu mbili, mpira wa pistoni unaisha upesi. Mpira wenyewe ni mdogo, unatosha kiganjani, lakini bila huo mpini unapanda na kushuka kama mtu anayesalimia hewa. Je, kampuni iliacha mipira ya akiba? Iliacha spana? Ilifundisha hata watu wawili kuvuta mabomba na kuyarudisha? Iliacha kibao cha jina lake, cha chuma kizito, kimefungwa kwa boliti sita. Kibao hakijawahi kuharibika.

Mashimo ya kifusi sasa. Kabla ya kuchimba, udongo wa juu, kama sentimita 20 au 30 hivi, unaondolewa na kuwekwa pembeni peke yake. Huo ndio wenye rutuba. Mkimaliza, kingo zinalazwa zisiwe ukuta, mita 3 za mlalo kwa kila mita 1 ya kina, maji yanachongewa njia ya kutokea, udongo wa juu unarudishwa, unapanda nyasi. Kinachotokea ni kwamba dereva wa buldoza anasukuma vyote pamoja kwa sababu anahesabiwa tripu za tipa. Udongo mzuri unazikwa, juu panabaki changarawe ambayo hata magugu yanaikataa. Mvua ikinyesha, shimo linakuwa bwawa lenye kingo wima. Mtoto akiteleza hana pa kushika, na mbu wanahitaji wiki mbili tu kuanzia yai mpaka kuanza kutuuma. Ndipo waje na msaada wa vyandarua!

Wakati mwingine wenyeji wenyewe wanaomba shimo libaki, lifae kunyweshea mifugo. Hilo linakubalika, ila liandikwe na kusainiwa, upande mmoja ulazwe kwa mteremko wa kuingilia, pengine pote pazungushiwe uzio. Si kwamba unaliacha kwa uvivu halafu unaliita lambo.

Nyufa za nyumba nisizianze, maana rola likiwasha mtetemo sahani zinacheza kabatini. Dawa yake inajulikana: piga picha kila ukuta kabla kazi haijaanza, tena zenye tarehe, na karibu na nyumba zima mtetemo, shindilia tabaka jembamba zaidi kwa kupita mara nyingi. Bila picha hizo, ukilalamika unaambiwa ufa ulizaliwa na nyumba. Pa kulalamikia penyewe ni kisanduku kilichogongomelewa ndani ya geti la kambi, nyuma ya mlinzi, na ufunguo wake uko kwa afisa aliyehamishwa. Kumbe kinachotakiwa ni daftari tu: namba ya lalamiko, tarehe, jibu litatoka lini, na saini ya aliyelalamika kwamba amejibiwa.

Basi ikafika siku ya kukabidhi madawati 40. Alfajiri boza limepita mara nne, vumbi limekufa kabisa, mgeni rasmi anashuka na viatu vinang'aa na kusema mazingira yenu mazuri. Dawati limetengenezwa kwa mbao mbichi na misumari badala ya boliti, muhula ujao litaanza kuyumba, lakini nembo imechorwa kwa rangi ya mafuta. Shule iko ng'ambo ya barabara mpya. Kivuko cha pundamilia kimechorwa vizuri tu, kinaanzia upande huu na upande wa pili kinaishia mtaroni, kwa sababu slabu ya kuvukia bado haijamwagwa. Watoto wamekuja kupokea madawati kwa kuruka.

Mtaro una upana wa mita 1.2. Ile hundi nimeikadiria kwa macho, ina mita 1.5, inafika kabisa kutoka ukingo huu hadi ule. Tatizo ni karatasi, haibebi mtu.