Omega-6 na kesi ya mchochota

Mashtaka dhidi ya mafuta ya alizeti, mahindi na soya husomwa hivi: yamejaa asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6; mwili huigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, omega-6 nyingine; seli za kinga nazo hutengeneza kutokana nayo kemikali za mchochota, yaani uvimbe, joto na maumivu ya mwili unaojikinga. Kila hatua ni kweli. Kinachorukwa ni kiasi.

Kimeng'enya delta-6 desaturesi, kinachoanza ugeuzaji huo, hufanya kazi polepole. Ndiyo maana watu wazima wakiongezewa linoleiki mara kadhaa, arakidoniki katika damu yao hubaki karibu palepale, na majaribio kwa watu wenye afya hayajaonyesha CRP, protini ya damu inayopima mchochota, ikipanda kwa sababu hiyo.

Halafu itazame arakidoniki yenyewe ikiwa kazini. Neutrofili, aina ya seli nyeupe ya damu, ikichokozwa, kimeng'enya fosfolipasi A2 huikata arakidoniki kutoka kwenye utando wa seli, kisha kimeng'enya kingine, COX-2, huifanya kemikali iitwayo prostaglandini E2. Hii huleta homa na maumivu, na hapo wengi hufunga jalada. Lakini E2 hiyohiyo huwabana makrofeji, seli nyingine za kinga, wasitoe nyingi ya TNF, kemikali inayochochea mchochota, tena huigeuza neutrofili: iache kutengeneza leukotraini B4 inayoita seli nyingine, ianze lipoksini zinazotuliza. Anayewasha ndiye anayeandaa kuzima.

Upande wa omega-3 una hoja nzito pia. EPA, omega-3 ya samaki, ikiingia kwenye utando hushika nafasi ya arakidoniki, na leukotraini B5 inayotokana nayo ina nguvu ndogo angalau mara kumi kuliko B4 katika kuita neutrofili. Ila katika seli nyeupe za mtu wa kawaida arakidoniki ni takriban asilimia 20 ya asidi za mafuta, EPA kama asilimia 1 tu. Kusogeza mizani hiyo huhitaji kama gramu 2 za EPA na DHA (omega-3 nyingine ya samaki) kwa siku, kwa wiki kadhaa. Kapsuli ya kawaida ya gramu 1 ya mafuta ya samaki ina miligramu 300 hivi za zote mbili, kwa hiyo ni kapsuli saba. Wengi humeza moja, kisha husema haifanyi kazi.

Uwiano wa omega-6 kwa omega-3 una maana mahali pamoja: omega-3 ya mimea hugombea delta-6 ileile na linoleiki, na kinachofikia EPA ni kidogo. Hata hivyo, anayeacha alizeti akaweka siagi hajaongeza EPA ya maana kwenye seli hata moja.