Kikomo cha kontena la hifadhi: nafasi ikiisha, nani asimame?

Katika miundombinu ya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva), diski za seva nyingi huunganishwa zikawa hifadhi moja ya pamoja, kisha juu yake hutengwa makontena: moja la hifadhidata, moja la mashine za majaribio, jingine la bakapu. Si yale makontena ya kuendeshea programu. Haya ni mafungu ya hifadhi ambayo haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) huyaona kama diski kubwa. Katika mifumo mingi ya aina hii, usipogusa mpangilio wowote, kila kontena huona nafasi yote iliyopo. Hifadhi ikiwa na terabaiti 30, la kwanza litaonyesha 30, la pili 30, la tatu 30, na yote yanachota mahali pamoja. Wasimamizi wamegawanyika: wapo wanaotaka mambo yabaki hivyo, wapo wanaotaka kila kontena liwekewe kikomo.

Naunga mkono kikomo, ila si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Kikomo hakiokoi nafasi hata baiti moja. Kinachofanya ni kuamua mapema nani atasimama siku nafasi itakapoisha, na wengi hukiweka bila kulijibu swali hilo.

Hoja ya wanaotaka kikomo ina uzito, hasa kwa kuwa siku hizi karibu diski zote za mashine pepe ni za ahadi. Mashine huambiwa ina gigabaiti 500, lakini nafasi halisi huchukuliwa kidogo kidogo kadiri data inavyoandikwa. Jumla ya ahadi inaweza kuzidi diski zilizopo mara mbili au tatu, na mambo yakaenda vizuri kwa miaka. Kisha mtu mmoja anasahau snapshoti (hali ya diski iliyotunzwa ilivyokuwa wakati fulani, ambayo huendelea kushikilia nafasi) kwenye mashine yenye uandishi mwingi, au kazi ya bakapu inaanza kutunza nakala za zamani bila kuzifuta. Hifadhi ya pamoja inajaa, na anayeumia si yeye peke yake.

Kinachotokea hapo kinajulikana vizuri. Kwenye VMware, mfumo wa kuendesha mashine pepe, mashine yenye diski ya ahadi inayohitaji nafasi mpya husimamishwa mpaka msimamizi aingilie kati. QEMU nayo, programu nyingine ya kazi hiyo, kwa mpangilio wake wa kawaida huisimamisha mashine inapojibiwa kwamba nafasi imeisha. Hifadhi ya ahadi ya LVM (zana ya kugawa diski) kwenye Linux huweka maombi ya uandishi kwenye foleni kwa sekunde 60, kisha huanza kurudisha makosa, na mifumo ya faili ndani ya mashine huweza kujifunga isiandikwe tena. Ceph, mfumo wa kuunganisha diski za seva nyingi, ni mkali zaidi: kwa viwango vyake vya kawaida hutoa onyo diski inapofika asilimia 85, na diski moja tu ikifika 95 huzuia uandishi, hata kama nyingine zina nafasi tele. Katika hali zote hizo, mashine ya majaribio isiyo na umuhimu inaweza kuisimamisha hifadhidata ya malipo. Kikomo kwenye kontena la majaribio kingezuia hilo. Mashine za majaribio zingesimama, hifadhidata ingeendelea.

Upande wa pili haupingi hilo. Unasema kikomo kinaleta ajali ambayo isingetokea kabisa. Hifadhi ina terabaiti 30, zimetumika 18, lakini kontena la hifadhidata limefika kikomo chake cha 10 saa nane za usiku, na mashine zake zinasimama huku terabaiti 12 zikikaa bure pembeni. Hakuna diski iliyokufa wala hifadhi iliyojaa. Kilichojaa ni namba ambayo mtu aliiandika mwaka mmoja uliopita. Kadiri makontena yanavyoongezeka, ndivyo vipande vidogo vya nafasi isiyotumika vinavyotawanyika, na ndivyo faida ya kuunganisha diski inavyopotea. Kwa klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ndogo yenye msimamizi mmoja na kazi za aina moja, hoja hii inanishawishi kabisa. Hapo kontena moja lisilo na kikomo, likifuatiliwa vizuri, linatosha.

Namba yenyewe inatoka wapi? Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, maana watu hugawa kile wanachokiona kwenye skrini. Tuseme klasta ina nodi 4, yaani seva 4, kila moja na terabaiti 20 za diski. Jumla ni 80 ghafi. Kila kipande cha data kikitunzwa nakala 2, nafasi inayoweza kutumika ni 40. Msimamizi anagawa 15 kwa hifadhidata, 15 kwa mashine za kawaida, 10 kwa bakapu, na hesabu imetimia. Nodi moja ikifa zinabaki terabaiti 60 ghafi, na ili kila kipande kirudi kuwa na nakala 2, data yote isizidi 30. Kama makontena yalikuwa yamefika jumla ya 36, zinahitajika 72, na hazipo. Hakuna kontena lililovuka kikomo, lakini klasta haiwezi kujitengeneza. Sehemu ya data inabaki na nakala moja tu, ikisubiri diski nyingine iharibike. Kwa hiyo mpaka wa kwanza kuheshimiwa ni ule wa hifadhi nzima baada ya kutoa nodi moja, yaani 30. Vikomo vya makontena ni mgawanyo wa ndani. Anayetaka jumla yake izidi 30 anaweza, maana si kila kontena hujaa kwa wakati mmoja, ila ajue kwamba kuanzia hapo usalama wake unategemea ufuatiliaji, si vikomo.

Kuna pia suala la nini kinahesabiwa, na mifumo haifanani. Kwenye ZFS, mfumo wa faili unaosimamia pia diski zenyewe, kikomo cha kawaida hujumuisha snapshoti, na kipo kingine kinachoziacha nje. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtumiaji. Chini ya kile cha kwanza, anaweza kufuta faili za gigabaiti 200 asione nafasi yoyote ikirudi, kwa sababu snapshoti bado inazishikilia. Ataamini mfumo umeharibika, na huenda snapshoti hizo hakuzianzisha yeye. Nadhani snapshoti zinazowekwa na msimamizi kwa ratiba yake hazipaswi kula kikomo cha mtumiaji. Zile anazozianzisha mwenyewe, zihesabiwe kwake. Ubanaji wa data nao huingia humo: ZFS huhesabu kilichobaki baada ya kubana, lakini akiba inayotokana na kuondoa vipande vinavyojirudia huonekana kwenye hifadhi nzima tu, kontena likiendelea kudaiwa ukubwa kamili.

Namna ya kuweka mpaka pia ina gharama tofauti. Ukigawa kwa kukata diski za kimantiki (vipande vya hifadhi vinavyoonekana kama diski kamili) na kuzipa VMFS, mfumo wa faili wa VMware, umejifunga: ujazo wa VMFS huongezwa, haupunguzwi, na njia ya kurudisha nafasi ni kuhamisha mashine zote, kuufuta na kuuanzisha upya. Kikomo cha kontena kwenye mfumo kama ZFS au Nutanix (mfumo mwingine wa hifadhi ya pamoja) ni namba inayobadilishwa kwa muda mfupi bila data kuhama. Wengi wanaochukia vikomo, nahisi, waliumizwa na aina ile ya kwanza, na chuki yao ni ya haki.

Katika mabishano haya yote kitu kimoja husahaulika: kutengewa nafasi. Kikomo humwambia mmoja asivuke hapa. Kutengewa humhakikishia mwingine kwamba kiasi fulani ni chake hata wenzake wakijaza vilivyobaki. Wazo si geni. Mfumo wa faili wa ext4, kwa mpangilio wake wa kawaida, huacha asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi ili mashine isikwame kabisa. Ukiwa na hofu juu ya hifadhidata, dawa yake ni kuitengea nafasi, si kuiwekea kikomo. Ubaya ni kwamba nafasi iliyotengwa huondolewa mikononi mwa wengine tangu siku ya kwanza, hata ikiwa tupu. Ukitengea kila kontena, umerudi kwenye vipande vilivyotawanyika.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Majaribio, bakapu na maktaba ya violezo (nakala za kuanzishia mashine mpya): kikomo kigumu, bila huruma, kwa sababu vikisimama hakuna anayepoteza huduma na chanzo hupatikana asubuhi. Bakapu inataka uangalizi zaidi kuliko hizo nyingine mbili, kwani ikifikia kikomo kimyakimya utagundua siku unayoihitaji. Kushindwa kwake lazima kutume tahadhari kwa mtu, si kwenye logi tu. Hifadhidata na huduma zinazotegemewa: nafasi iliyotengwa, na juu yake onyo, bila kikomo kigumu. Mashine za kawaida katikati: kikomo laini. Mfumo endeshi wa Unix ya BSD ulikuwa nacho tangu 4.2BSD ya mwaka 1983: mtumiaji akivuka mpaka laini huonywa na kupewa fursa ya kujirekebisha, na mpaka mgumu upo juu zaidi. Inanisikitisha kwamba mifumo mingi ya mashine pepe hutoa mpaka mgumu pekee, ikatuachia kuutengeneza ule laini kwa tahadhari za asilimia. VMware huanza na onyo la manjano kwenye asilimia 75 na jekundu kwenye 85. Viwango hivyo vinafaa kontena la terabaiti 2 lakini vinapiga kelele bure kwenye la 60, ambapo asilimia 15 iliyobaki ni terabaiti 9. Afadhali tahadhari ipime siku zilizobaki kwa kasi ya sasa ya ujazaji.

Wenye makontena yanayokodishwa kwa wateja mbalimbali hawana anasa ya mjadala huu. Mteja amelipia kiasi fulani, na kikomo kigumu ndiyo mkataba wenyewe. Kwao linabaki swali la kumwonyesha mteja matumizi yake kwa hesabu ileile inayotumika kumzuia.

Na kila kikomo kigumu kiandikiwe jina la mwenye mamlaka ya kukipandisha, anayepatikana usiku, pamoja na kiasi anachoruhusiwa kuongeza bila kuomba kibali. Kwa klasta ya mfano wetu ningempa terabaiti 1, huku jumla ya data ikiwa chini ya 30. Zaidi ya hapo asubiri mkutano wa asubuhi.