Sampuli Namba 14

Karibu na Kalacha, kaskazini mwa Kenya, pale mawe meusi ya volkano yanapoishia na uwanda wa Chalbi kuanza, kila kitu cheupe kinafanana na kila kitu cheupe. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wawili kuwafundisha kuvitofautisha. Somo lenyewe nalijua vizuri. Nililijua, tuseme, mpaka saa nne asubuhi.

Tulianza na chumvi, iliyo rahisi. Zamani sana Chalbi ilikuwa ziwa. Siku hizi mvua ikinyesha maji hutuama juu juu, jua huyanywa, chumvi hubaki kama ganda. Unaonja kidogo, unatema, basi. (Gari usilipeleke huko baada ya mvua. Chini ya ganda ni tope, na tope hilo halina haraka ya kukuachia.)

Kisha vidoa vyeupe ndani ya jiwe jeusi. Lava ilipopoa iliacha matundu ya gesi, na maji yenye madini yakaja kuyajaza. Hapo inatoka chupa ya asidi ya haidrokloriki: sehemu moja ya asidi kali kwa sehemu tisa za maji, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake, isije ikakurukia usoni. Tone moja linatosha. Kidoa kikifoka povu papo hapo, ni kalsaiti, madini ya chokaa. Kikinyamaza, kikwaruze kwa kisu: kisipokwaruzika, huenda ni kwatzi.

Hapo nikaona kitu kingine. Kilikuwa cheupe, saizi ya yai la kanga, upande mmoja mviringo, upande wa pili umechongoka. Chepesi kuliko jiwe. Nikadondosha tone la asidi, likatoa povu dogo, la kivivu.

“Mnaona?” nikawaambia. “Chokaa ingefoka kwa kelele. Povu la uvivu namna hii ni la mfupa. Sasa tunauthibitisha kwa ulimi.”

Kipimo cha ulimi si mzaha, wanajiolojia hukitumia kweli. Mfupa wa kale umejaa vitundu vidogo mno. Ukiugusa kwa ncha ya ulimi, vitundu hivyo vinafyonza mate na mfupa unanata. Jiwe la kawaida halinati. Unavunja kwanza upate uso mpya, unapuliza vumbi, unagusa. Nikavunja, nikapuliza, nikagusa.

Ukanata! Ulinata hata ukaning’inia ulimini bila kushikwa. Nikampa mwanafunzi wa kwanza, naye ukamnatia. Wa pili akasema ana mafua. Nikaandika daftarini kwa mwandiko mzuri: *Na. 14. Mfupa wa kale. Unanata vizuri sana.*

Mzee mwenyeji wetu alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo mapajani, akitutazama muda wote huo. Akakohoa.

“Mwanangu, kwenu huko mnakula hii?”

“Hapana, mzee. Tunapima.”

“Mnapima nini?”

“Kama ni mfupa.”

Akafikiri kidogo. “Ni mfupa.”

Nikawageukia wanafunzi, kifua mbele.

“Lakini,” mzee akaendelea, “fisi alikwisha utumia.”

Akanyoosha fimbo. Nyuma ya kichaka, hatua kumi tu, vilikuwa vimetapakaa vingine kama ishirini, vyeupe vyote, vimechongoka upande mmoja vyote. Fisi wana choo chao. Hurudi palepale, siku nenda siku rudi. Tumbo la fisi husaga mfupa hadi unga, na kimba chake, kikiwa kibichi, huwa na rangi ya kijani. Jua likikikausha, madini ya mifupa ndiyo yanayobaki, kinakuwa cheupe pe. Kwa hiyo povu lilisema kweli, na ulimi ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesahau kutazama kwa macho. Nilipokigeuza na kukisogeza karibu, palepale nilipolamba, unywele mmoja wa mbuzi ulikuwa umejitokeza, umesimama wima.

Dereva alikuwa na dumu moja la maji la lita 20 la kutufikisha jioni. Alinipimia kikombe kimoja, akaangalia mdomo wangu, akaongeza nusu. Mwanafunzi wa kwanza alipewa viwili, kwa kuwa yeye, alisema dereva, alidanganywa. Mzee alituhurumia akatupa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Nilisukutua mara tatu, mara ya nne nikameza tu.

Daftari la kazi za porini lina sheria zake: huruhusiwi kuchana ukurasa wala kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba, ili anayekuja nyuma yako aweze kusoma ulichokiandika mwanzo. Nilipiga mstari mmoja mwembamba. “Unanata vizuri sana” inasomeka bila shida yoyote.