Meteor na Rebel juu ya matuta ya Mombasa

Kila anayesimama kando ya pikipiki yangu hapa mjini huanza na swali lile lile: "Hii ni cc ngapi?" Akiwa mtu wa boda ataongeza la mafuta. Sijapata hata siku moja kuulizwa inapitaje tuta. Basi mimi ndilo swali langu la kwanza, na kwa ajili yake mwezi uliopita nilibadilishana pikipiki na rafiki yangu wiki nzima. Yeye alichukua Royal Enfield Meteor 350 yangu, mimi nikachukua Honda Rebel 500 yake. Zote ni kruza, pikipiki za kukaa chini, mgongo wima, huna haraka na mtu.

Ukizisoma kwenye karatasi hakuna mashindano. Rebel ina silinda mbili, cc 471, injini ya kupozwa kwa maji. Meteor ina silinda moja ya cc 349 na nguvu za farasi ishirini na kitu. Uzito ni mamoja, kama kilo 190 kila moja. Barazani kwetu kesi huamuliwa hapo hapo, kahawa haijapoa.

Lakini tazama kiti. Cha Rebel kiko milimita 690 kutoka ardhini, cha Meteor 765. Sentimita saba na nusu hizo ndizo zinazowapa watu wazimu wa Rebel. Unakaa, nyayo zote mbili zinalala chini, hata mfupi kama mimi anajiona bwana. Ila kiti hakishuki bure. Kikishuka, tairi la nyuma linakosa nafasi ya kupanda na kushuka, na shokamzoba, springi inayopokea pigo, ikiwa na mwendo mfupi haina budi kuwa ngumu, la sivyo itagonga mwisho kila mara. Ukitaka kuona jambo hili lilipofikishwa, kamuulize mwenye Harley-Davidson Iron 883: nyuma ina mwendo wa sentimita nne hivi. Nne! Kwetu Kisauni kuna matuta yanayozidi hapo kabla hujafika katikati yake.

Lipo moja karibu na nyumbani, halina rangi wala kibao, limekaa kwenye kivuli cha mwarobaini, kwa hivyo mgeni hulijua akiwa tayari yuko hewani. Meteor inalipanda hivi: tairi la mbele la inchi 19 linaligusa, linapanda polepole, mbele inazama, halafu nyuma inasema "pu" na umeshapita. Rebel ina tairi nene za inchi 16 mbele na nyuma. Tairi dogo haliparamii tuta, linalikabili. Siku ya kwanza nililipita kwa mwendo wangu wa kawaida. Mbele sawa, nyuma "ta!", na kofia ikanishuka hadi kwenye nyusi. Mwuza mahamri aliyekaa pale alinitazama kwa huruma. "Pole, babangu," akasema, akageuza hamri zake.

Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimejifunza dawa, na hapa sharti niitendee haki Rebel. Mahali pake pa kukanyagia pako chini ya magoti, kwa hivyo ukiliona tuta unajiinua kidogo, makalio yanaacha kiti, pigo linapita chini yako. Kwenye Meteor miguu imesogea mbele. Huwezi kusimama bila kujivuta kwa usukani, unakaa tu na kupokea ulichoandikiwa. Kwa hiyo kwenye shimo uliloliona, Rebel haina ubaya. Kwenye shimo usiloliona, na Mombasa mvua ikinyesha mashimo yote hujaa maji yakafanana na barabara, nipe Meteor.

Mji wa Kale ni habari nyingine. Kutoka ekseli hadi ekseli Meteor ina milimita 1,400, Rebel 1,490. Ukikutana na mkokoteni wa maji kwenye kona ya Kibokoni, mwenye mkokoteni harudi nyuma, na ana haki yake, mitungi ile ni mizito. Meteor naikunja na kuipenyeza. Rebel ilinibidi niitembeze kwa miguu mbele na nyuma kama mtu anayeegesha lori, ingawa kwa vile iko chini haikunitisha hata kidogo.

Jumapili nilivuka hadi Miritini nikashika barabara ya Dongo Kundu kuelekea kusini. Hapo nilinyamaza. Lami laini, kona ndefu, na daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, huku chini mikoko na maji. Rebel ikilazwa kwenye kona inakaa pale pale ulipoiweka, haitikisiki, na ukifungua mafuta kwenye kilomita 90 kwa saa bado ina la kusema. Meteor yangu kwenye 90 imeshasema yote, na nikiilaza sana chuma cha pa kukanyagia hukwaruza lami, sauti ambayo nimeizoea lakini siipendi. Kurudi, upepo wa kusi ulinipiga ubavuni kwenye daraja la Nyali kutoka upande wa bahari. Meteor yangu ina kioo cha mbele, na siku kama hiyo kioo kile huwa tanga. Rebel haikujali.

Mke wangu alipanda Rebel mara moja tu. Nyuma kuna kipande cha kiti ambacho nadhani kilikusudiwa paka. Tulipofika Kongowea alishuka, akapanga buibui lake, akaniambia, "Baba watoto, wewe endelea, mimi tuktuk hii hapa." Meteor ina kiti kamili cha nyuma na cha kuegemea.

Kwa hivyo nikiulizwa, na sasa nimejiuliza mwenyewe, kwa mtu anayeishi kwenye barabara za Mombasa siku sita na kwenye Dongo Kundu siku moja, ni Meteor, cc zake chache na yote. Mwenye kusafiri hadi Kilifi au Lunga Lunga kila wiki asinisikilize.

Jumatatu rafiki yangu aliileta Meteor jioni. Yeye ndiye aliyekuwa akiiita "kinu" kwa mlio wake. Alizima, hakushuka. Akaniuliza shokamzoba za nyuma nimezifunga hatua ya ngapi ya ugumu kati ya zile sita. Nikamwambia ya tatu. Akatikisa kichwa, akatazama Rebel yake iliyoegeshwa chini ya mwembe.

"Tuongeze wiki?"

Nikamwambia haiwezekani, Ijumaa mamake watoto ana harusi Likoni.